Funguo saba za tovuti moja

Mkuu wa shule alinipigia simu asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Fundi, shule yetu inauza viatu."

Mzazi mmoja alikuwa ameitafuta shule kwenye Google ili apate fomu ya kujiunga na kidato cha tano. Chini ya jina la shule akakuta maandishi ya Kijapani na bei za viatu. Ukiifungua tovuti yenyewe ilikuwa shwari: picha ya bendera, tarehe ya mahafali, fomu iko pale pale. Uchafu ule ulikuwa ukionyeshwa kwa roboti za Google tu, ndiyo maana pale shuleni hakuna aliyeuona.

Niliingia kwenye paneli ya hostingi, yaani ya kampuni inayoitunza tovuti kwenye seva zake, nikafungua ukurasa wa akaunti za FTP, zile funguo za kupandishia mafaili ya tovuti, nikahesabu saba. Mkuu wa shule alikuwa anaijua moja.

Mbili kati ya hizo zilizaliwa na mfumo wenyewe siku hostingi iliponunuliwa: akaunti kuu, na nyingine yenye neno "logs" mwishoni, ya kuchukulia kumbukumbu za seva. Hizo hazifutiki. Tano zilizobaki zilitengenezwa na watu. Kulikuwa na ya kijana aliyeijenga tovuti mwanzoni na sasa anaishi nje ya nchi, ya mkandarasi aliyeifanyia marekebisho baadaye, moja inaitwa "test", moja "test2", na moja "picha", ambayo mwalimu wa taaluma alipewa awe anapandisha picha za sherehe. Hiyo "test2" ni hadithi inayojisimulia: kuna mtu "test" ilimgomea usiku, akatengeneza nyingine, ikakubali, akalala. Hakurudi kufuta hata moja.

Ukurasa huu ndio wenye tovuti wengi hawajawahi kuufungua, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko ule wa baruapepe wanaoushughulikia kila wiki. Tuufungue taratibu.

FTP ni utaratibu wa kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na ni mkongwe kuliko intaneti tunayoijua. Abhay Bhushan wa MIT aliandika maelezo yake ya kwanza Aprili 1971, wakati ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ilikuwa inaunganisha vyuo na maabara chache za Marekani. Toleo ambalo seva nyingi zinalifuata mpaka leo lilichapishwa Oktoba 1985. Walioutunga walikuwa wanatumiana mafaili na watu wanaowafahamu, kwa hiyo nenosiri halikufichwa. Linasafiri wazi kama postikadi. Ukiingia kwa FTP ya kawaida, kompyuta yako na seva zinatumiana mistari kama hii:

USER picha@jina-la-tovuti
331 Password required
PASS mahafali2022
230 Login successful

Mistari hiyo ndiyo inayopita hewani, herufi kwa herufi. Ukiwa umekaa kwenye waifai ya hoteli au ya mgahawa, jirani yako mwenye programu ya kusikiliza mtandao anaweza kuisoma bila kuvunja kitu chochote. Vivinjari vimeshaliachia jambo hili: Firefox na Chrome vyote viliiondoa FTP mwaka 2021. Kwenye hostingi bado ipo, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu mafundi tumeizoea.

Sasa kuhusu akaunti. Unaponunua hostingi ya bei ya kawaida, ile ambayo seva moja inabeba tovuti za wateja wengi, kampuni inakutengenezea mtumiaji mmoja ndani ya seva. Huyo ndiye mwenye nyumba. Mafaili yote ni yake: folda ya public_html ambamo tovuti inakaa, baruapepe, nakala za akiba. Akaunti za FTP unazoongeza baadaye si wapangaji wapya. Ni funguo zilizochongwa kutoka kwenye ufunguo wa mwenye nyumba, na kila ufunguo umewekewa masharti ya mlango upi ufungue. Faili likipandishwa kwa akaunti ya "picha" au ya "test2", seva inaliandika kwa jina la mwenye nyumba yule yule. Lishike hilo, nitalirudia.

Akaunti kuu ni jambo zito zaidi. Kwenye cPanel, paneli inayotumiwa na hostingi nyingi, nenosiri la akaunti kuu ya FTP ndilo hilo hilo la paneli nzima. Ukimpa kijana wa kubadilisha rangi ya kichwa cha tovuti nenosiri hilo "aingie kwa FTP tu", umempa na baruapepe za mhasibu, hifadhidata, na kitufe cha kuelekeza jina la tovuti kwingine. Nimeona watu makini kabisa wakifanya hivyo, kwa sababu kutengeneza akaunti ya ziada kunaonekana ni kazi. Ni dakika mbili.

Dakika hizo mbili zina mitego yake, lakini. Wa kwanza ni jina. Ukitengeneza akaunti iitwayo picha, jina lake kamili linakuwa picha, alama ya @, kisha jina la tovuti. Linafanana na anwani ya baruapepe lakini halipokei barua. Mtu akiandika "picha" peke yake seva inamjibu 530, yaani jina au nenosiri si sahihi, naye anaanza kubadilisha nenosiri mara tano wakati kosa lilikuwa kwenye jina.

Mtego wa pili ni folda. Unapoandika jina la akaunti, paneli inajijazia folda yenye jina hilo hilo. Usipoigusa, mtu wako ataingia akute folda tupu kabisa, na simu itaita: "Tovuti imefutika yote!" Haijafutika. Amefungiwa chumba kipya ambacho hakijawekwa hata kiti. Wengine wakishtuliwa hivyo wanakimbilia kosa la upande wa pili: wanafuta kila kilichoandikwa kwenye kisanduku cha folda, na akaunti inapata nyumba nzima kuanzia sebuleni mpaka stoo. Cha kufanya ni kuandika folda ambayo kazi ya mtu huyo inahusu na kuishia hapo.

Kiasi cha nafasi nacho unaweza kukiwekea mpaka. Kwa mpandisha picha, weka. Mwalimu akipandisha picha mia nne kama zilivyotoka kwenye kamera, zikijaza nafasi yote uliyolipia, baruapepe za shule nazo zinaweza kugoma kupokelewa, na hakuna atakayehusisha picha na barua.

Turudi kwa viatu vya Kijapani. Seva inaweka kumbukumbu ya kila faili lililohamishwa, mstari mmoja kwa kila faili: tarehe na saa, anwani ya kompyuta iliyotuma, ukubwa, njia ya faili, herufi "i" kama limeingia au "o" kama limetoka, na jina la akaunti. Nilishuka mistari ile mpaka nikakuta nilichokuwa nakitafuta. Saa nane na dakika kumi na nne usiku, faili dogo la PHP (maagizo ambayo seva huyatekeleza), herufi "i", akaunti: picha. Mwalimu wa taaluma hafanyi kazi saa nane usiku, na picha haziishii na .php.

Hapo ndipo unapoona faida ya kila mtu kuwa na akaunti yake. Kama shule nzima ingekuwa inatumia ufunguo mmoja, mstari ule ungeniambia tu kwamba kuna mtu aliingia.

Ufunguo ulivujaje? Kwa uhakika sijui, ila wa kuwashuku hawakukosekana. Nenosiri lilikuwa limebandikwa kwenye kundi la walimu kwenye simu, tangu mahafali ya mwaka juzi. Mwalimu mwenyewe alikuwa akipandishia picha steshenari iliyo nje ya geti, kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za mtaa mzima, na nenosiri limehifadhiwa mle ili asiliandike kila mara. Njia hii ya wizi si ngeni. Mwaka 2009 kulisambaa kirusi kilichoitwa Gumblar: kilikuwa kinaingia kwenye kompyuta ya mtu anayetembelea tovuti iliyoathirika, kinachukua nywila zake za FTP, kisha kinazitumia kuambukiza tovuti anazozisimamia yeye. Wageni wa tovuti hizo wakaambukizwa nao, mnyororo ukaendelea. Programu za FTP huwa zinaandika orodha ya tovuti zako na nywila zake kwenye faili moja ndani ya kompyuta. FileZilla, inayotumiwa na wengi wetu, iliongeza uwezo wa kuzifunga nywila hizo kwa nenosiri kuu mwaka 2017, lakini lazima ulichague hilo mwenyewe.

Swali ambalo mkuu wa shule aliniuliza lilikuwa zuri kuliko yote: "Lakini si ulisema hiyo akaunti ina uzio? Inaona folda ya picha peke yake. Imefikaje kwenye ukurasa wa mbele?"

Uzio upo kweli, na haukuvunjwa. Unamzuia mtu aliyeingia kwa mlango wa FTP asitoke nje ya folda ya picha. Haulizuii faili aliloliacha humo. Folda ya picha iko ndani ya public_html, kwa hiyo mtu yeyote duniani anaweza kuliita faili hilo kwa kivinjari, na likiitwa, seva inaliendesha. Na inaliendesha kwa jina la nani? Kwa jina la mwenye nyumba. Kwa seva nyingi za hostingi ya kawaida, faili la PHP lililoko kwenye folda ya picha linaweza kusoma wp-config.php (faili la mipangilio la WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi) lenye nenosiri la hifadhidata, kuandika juu ya ukurasa wa mbele, na kutengeneza nakala zake kwenye folda nyingine kumi. Mwizi hakuruka ukuta. Alipitisha barua chini ya mlango, na mwenye nyumba akaisoma na kutii kila kilichoandikwa.

Kwa hiyo kumpa mtu akaunti yenye uzio ndani ya public_html kunamzuia asiharibu kwa bahati mbaya, na hilo si dogo. Hakumzuii anayetaka kuharibu. Unaweza kuweka faili la .htaccess kwenye folda ya picha linalokataza PHP isiendeshwe humo, na watu wengi wanashauri hivyo, lakini mwenye akaunti ya folda hiyo anaweza kupandisha .htaccess yake juu ya ile yako. Kilicho imara zaidi ni kuiweka folda ya kupokelea nje ya public_html kabisa, mahali ambapo kivinjari hakifiki, kisha mtu mmoja mwenye dhamana ahamishe yanayofaa. Na kama tovuti ni ya WordPress, mwalimu wa picha hahitaji FTP hata kidogo. Mtengenezee jina ndani ya WordPress lenye cheo cha mwandishi: atapandisha picha na kuandika habari zake, na mafaili ya PHP hayatapokelewa. Akaunti nyingi za FTP ninazozifuta hazikupaswa kuwepo tangu mwanzo.

Kwa wale wanaoihitaji kweli, kuna mkanganyiko wa majina unaowachosha hata mafundi: FTPS na SFTP. Herufi zinafanana, ukoo ni tofauti. FTPS ni FTP ile ile ya zamani iliyovikwa usimbaji, ule ule unaolinda anwani zinazoanza na https. Inaingia kwa mlango namba 21 kama kawaida, kisha pande mbili zinakubaliana kufunika mazungumzo kabla nenosiri halijatajwa. SFTP haina undugu na FTP, wamegongana jina tu. Ni tawi la SSH, njia ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa usimbaji, aliyoiunda Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, baada ya chuo chake kuvamiwa na mtu aliyekuwa ananasa nywila zinazopita mtandaoni. Inatumia mlango namba 22. Ylönen aliomba namba hiyo kwa sababu ilikuwa wazi katikati ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet, mifumo miwili aliyokusudia kuipa mbadala.

Hii inakuhusu wewe mwenye tovuti kwa sababu moja. Kwenye hostingi za cPanel, SFTP inamkubali mwenye nyumba peke yake. Zile akaunti za ziada hazimo kwenye orodha ya watumiaji wa seva, kwa hiyo SSH haizitambui. Ukimwambia mkandarasi "tumia SFTP, ni salama zaidi" na ukampa akaunti ya ziada, atagonga mlango 22 mpaka kesho. Kwa akaunti za ziada salama yako ni FTPS: kwenye programu chagua ile inayolazimisha TLS, ndilo jina la usimbaji huo, usiiachie "kama ipo". Ukiletewa onyo kwamba cheti cha usalama cha seva kina jina lingine, usibonyeze kukubali kwa mazoea. Mara nyingi ni kwa sababu umeandika ftp na jina la tovuti yako wakati cheti kimetolewa kwa jina la seva yenyewe. Chukua jina la seva kwenye barua uliyotumiwa siku uliponunua hostingi, onyo litakoma.

Na wanaopitisha tovuti yao Cloudflare, huduma inayokaa katikati ya wageni na seva, wajue kwamba zile alama za mawingu ya rangi ya chungwa kwenye paneli yake zinapitisha kurasa za wavuti, FTP haziipitishi. Hapo tena, jina la seva ndilo la kutumia.

Kuna tatizo moja ambalo linaonekana kama la akaunti na si la akaunti. Unaingia vizuri, seva inakukaribisha kwa 230, halafu orodha ya mafaili haiji; inazunguka, mwishowe inakata. FTP ina tabia ya ajabu ya kutumia njia mbili: moja ya kuongea, nyingine ya kubeba mzigo. Zamani seva ndiyo iliyofungua njia ya mzigo kurudi kwako, na ruta za nyumbani na modemu za simu zinaikataa kama mgeni asiyealikwa. Ndiyo maana kuna hali ya pasivu, ambapo seva inakutajia mlango na wewe ndiye unayeufuata. Jibu lake linaanza na 227 na lina namba sita ndani ya mabano. Nne za kwanza ni anwani ya seva, mbili za mwisho ni mlango: zidisha ya kwanza kwa 256, jumlisha ya pili. Ukiona 195,149, ni 195 mara 256 ongeza 149, mlango 50069. Kama ngome ya mtandao wa ofisini imeufunga mlango huo, unaweza kuona 425, yaani njia ya mzigo haikufunguka. Jaribu kwa bando la simu yako kabla hujamlaumu mtu wa hostingi. Ukiona 550 ruhusa au njia ya faili ina kasoro, na 552 nafasi imejaa.

Kufuta akaunti ndiko kunakotisha kuliko kuitengeneza. Paneli inakupa vitufe viwili vilivyokaribiana: kufuta akaunti, au kufuta akaunti pamoja na mafaili. Mafaili yanayozungumziwa ni yale ya folda iliyopewa akaunti hiyo. Kama akaunti ya mkandarasi ilipewa public_html yote, basi hayo "mafaili yake" ni tovuti nzima. Soma njia ya folda kwanza, pakua nakala ya tovuti kwenye kompyuta yako, ndipo ubonyeze. Mimi mwenyewe huwa naanza kwa kubadilisha nenosiri na kusubiri wiki mbili. Kama kuna anayeitumia kwa haki, atalalamika.

Tena, kubadilisha nenosiri hakumtoi aliyekwisha kuingia. Pale shuleni tulianza na kompyuta zinazotumika, kisha nywila zote pamoja na la hifadhidata, kisha nikayapekua mafaili. Lile la saa nane usiku lilikuwa limeshazaa wenzake tisa, moja likiwa na jina linalofanana kabisa na faili halali la WordPress, tofauti ni herufi moja. Kama ningeliacha hilo moja, viatu vingerudi bila mtu kuhitaji ufunguo wowote.

Leo zipo tatu: mbili za mfumo na moja mpya ya kwangu, ambayo nenosiri lake ninalo mimi. La paneli mkuu wa shule ameliandika kwenye daftari lililoko kwenye kabati la chuma pamoja na mihuri ya shule, na sina ubishi nalo. Kabati lile lina usalama kuliko kundi la walimu. Kijana aliyeijenga tovuti nilimtumia ujumbe wa heshima kumjulisha kwamba akaunti yake imefungwa. Alijibu baada ya siku mbili. Alisema alidhani waliifunga tangu 2019, siku aliyoaga.